Uzoefu wangu: siku tatu Liechtenstein, mwishoni mwa Aprili

Karibu kila mtu ninayemfahamu aliyewahi kufika Liechtenstein alikaa huko saa moja au mbili tu: alishuka kwenye basi la watalii katikati ya mji mkuu, Vaduz, akapiga picha ya kasri lililo juu ya mwamba, akanunua sumaku ya kubandika kwenye jokofu, kisha akaendelea na safari ya Austria huku akisema kwamba nchi nzima ameimaliza. Mimi nilikaa siku tatu, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili ya mwisho wa Aprili, na ninaandika kwa ajili ya msomaji anayeishi Ulaya, au anayekuja huku kwa muda, ambaye anajiuliza kama nchi yenye eneo la kilomita za mraba 160, yaani takriban sehemu ya kumi ya kisiwa cha Unguja, inastahili zaidi ya saa hizo mbili. Inastahili, lakini kuna jambo moja ambalo hakuna tangazo la utalii lililoniambia: katika majira haya ya machipuko bonde liko wazi na linapendeza kupita kiasi, ilhali milima ambayo ndiyo hupigwa picha zote imefungwa.

Nchi haina uwanja wa ndege. Nilipanda treni kutoka Zurich, ninakoishi kwa sasa, hadi Sargans, safari ya kama saa moja inayopita kando ya maziwa mawili, la pili likiitwa Walensee, ambapo ninamshauri abiria akae upande wa kushoto ili ayaone majabali yanavyoshuka wima hadi majini. Nje ya stesheni ya Sargans husimama basi namba 11, na kwa dakika kama thelathini hivi hilo humfikisha mtu Vaduz. Nilikuwa nimejiandaa kuonyesha hati zangu mpakani, lakini mpaka wenyewe sikuuona. Nilitambua tu kwamba nimekwisha kuvuka nilipoona namba za magari zimekuwa nyeusi zenye maandishi meupe. Liechtenstein imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, tangu Desemba 2011, na tangu 1924 imekuwa katika ushirika wa forodha na Uswisi, kwa hiyo fedha ni faranga zilezile za Uswisi, na anayetaka viza ya kwenda huko hushughulikiwa na balozi za Uswisi. Kwenye simu, hata hivyo, mpaka upo. Laini yangu ya Uswisi ilihesabu kwamba nimetoka nje ya nchi, nami nikaligundua hilo baada ya salio kukatwa, kwani Liechtenstein ina namba yake ya kimataifa, 423, na kampuni zake za simu. Ukitembea kando ya mto Rhine, ulio mpakani na Uswisi, simu hushika mitandao ya nchi mbili kwa zamu, basi ni vyema kuzima data kabla ya kuvuka.

Basi hilo lilipita Balzers, kijiji cha kusini, na dirishani nikaiona ngome ya Gutenberg juu ya kilima chake, chini yake mizabibu iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kutoa majani, na kando ya barabara mitufaha iliyochanua nyeupe na waridi. Sikushuka. Nilikuwa nimekwisha kulipia chumba cha usiku mmoja Malbun, kijiji cha milimani chenye mwinuko wa mita 1,600, kwa sababu picha zilinivutia na bei ilikuwa chini kuliko nilivyotarajia. Bei ya chini ilipaswa kunishtua.

Kwenda Malbun ni basi namba 21 kutoka Vaduz, ambalo hupanda kwa kona baada ya kona kupitia Triesenberg, huingia kwenye njia ya chini ya mlima, kisha hutokea upande wa pili kana kwamba umebadilishiwa nchi. Safari hiyo ya nusu saa humrudisha mtu nyuma mwezi mzima na zaidi: Vaduz, kwenye mwinuko wa mita 455 hivi, maua ya micheri yalikuwa yameanza kupukutika, Triesenberg, katikati ya mlima, yalikuwa ndiyo yanafunguka, na Malbun nilikuta theluji chafu ya mwisho ikiwa imelala katika mabaka upande wa kivulini, majani yamelala chini kwa rangi ya kahawia, na maji yakitiririka kila mahali hadi barabarani. Viti vya kebo vinavyopandisha watu hadi Sareis vilikuwa vimesimama, kwa kuwa msimu wa kuteleza kwenye theluji ulikuwa umekwisha na ule wa kiangazi bado. Nyumba niliyoweka nafasi ilikuwa wazi, nami nilikaribishwa kwa adabu, lakini jiko lao lilikuwa limefungwa, na mahali pengine pawili nilipobisha pia palikuwa pamefungwa, jambo ambalo halikuandikwa popote wakati ninalipa. Jioni hiyo ilinibidi nishuke kwa basi hadi Triesenberg kutafuta chakula, nikawa na haraka ya kuliwahi basi la kurudi.

Sisemi kwamba Malbun haifai. Asubuhi yake nilitembea kwa saa nzima bila kukutana na mtu, na palepale theluji ilipoyeyukia, kwenye udongo uliolowa, palikuwa pamechomoza maua madogo meupe na ya zambarau yaitwayo kroka, maelfu kwa maelfu, mengine yakipenya katika theluji yenyewe. Hilo peke yake lilinifidia nauli. Ila anayetaka kupanda vilele afahamu kwamba njia za juu mwishoni mwa Aprili bado zina theluji na ni za hatari kwa mtu asiye na vifaa wala uzoefu. Milima ya huku ina majira yake, nayo huanza Juni. Machipuko panda Malbun asubuhi, tazama kroka, shuka mchana. Usilale huko.

Usiku wa pili nilihamia Triesenberg, na huo ndio uamuzi bora niliofanya katika safari nzima. Hiki ni kijiji cha Wawalser, watu waliokuja kutoka Wallis ya Uswisi miaka ya 1300 hivi na ambao mpaka leo wana lahaja yao inayotofautiana na ile ya bondeni. Nyumba zimetawanyika mtelemkoni, mnara wa kanisa una kuba lenye umbo la kitunguu, na kutoka dirishani kwangu bonde zima la mto Rhine lilionekana kama mkeka uliokunjuliwa, Uswisi ikiwa ng'ambo ya pili.

Siku ya Jumamosi ndiyo niliyoitumia bondeni, na kama ningekuwa na siku moja tu ningeitumia vivyo hivyo. Nilishuka hadi Balzers, nikapanda hadi ukumbi wa nje wa ngome ya Gutenberg, kisha nikaanza kutembea kuelekea kaskazini juu ya tuta la mto hadi Vaduz, njia tambarare ambayo inafaa hata kwa mtoto au mzee na ambayo wenye baiskeli wanaipenda sana. Mto ulikuwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, baridi na wenye nguvu kwa maji ya theluji, na tuta lile si pambo: Septemba 1927 mto ulilibomoa karibu na Schaan na kuyafunika maji mashamba na nyumba za sehemu kubwa ya bonde. Upande wa kulia yalikuwa mashamba ya mahindi yaliyotifuliwa, kisha bustani za matunda, kisha milima yenye theluji juu ya hayo yote, na macho yangu yalikuwa yakienda kutoka kwenye maua hadi kwenye theluji na kurudi. Kila niliyepishana naye, kijana kwa mzee, alinisalimu kwa neno moja, “Hoi”. Baada ya miaka miwili ya kukaa katika jiji ambalo majirani wa ghorofa moja hupitana kimya, salamu hiyo fupi ilinigusa zaidi ya kasri lolote.

Upepo uitwao Föhn nao ulivuma siku hiyo. Hutoka kusini, hushuka milimani ukiwa mkavu na wa moto, na kwa saa chache huligeuza bonde la machipuko kuwa kiangazi; mchana nilivua koti na sweta, na jioni kichwa kikaniuma, jambo ambalo wenyeji walilipokea kwa kutikisa kichwa tu, kwani wao huulaumu upepo huo kwa maumivu yote ya kichwa. Beba nguo za aina zote mbili.

Karibu na Vaduz lipo daraja la zamani la mbao, lenye paa na kuta kama nyumba ndefu, linaloiunganisha Liechtenstein na kijiji cha Sevelen upande wa Uswisi. Lilijengwa 1901, lina urefu wa mita 135, na sasa ni la waenda kwa miguu na baiskeli tu. Ndani yake ni giza, panatoa harufu ya mbao kuukuu, na maji huonekana katika nyufa za sakafu. Nilikwenda Uswisi na kurudi mara mbili kwa sababu tu iliwezekana, jambo ambalo mtu mwenye pasipoti kama yangu hawezi kulichukulia kwa wepesi.

Vaduz yenyewe sitaikalia sana. Kasri halifunguliwi kwa wageni, kwa kuwa ni makazi ya familia ya mtawala wa nchi, Mwanamfalme Hans-Adam II, ambaye mwaka 2004 alimkabidhi mwanawe Alois shughuli za utawala za kila siku. Njia ya miguu inayopanda hadi hapo, hata hivyo, huchukua kama dakika ishirini, na mabango yaliyo njiani yanaieleza nchi vizuri kuliko kijitabu nilichonunua. Kituo cha wageni hugonga muhuri wa ukumbusho katika pasipoti kwa ada ndogo. Mimi niliomba wanigongee kwenye daftari. Yeyote ambaye amewahi kukaa mbele ya ofisa wa viza akipekuliwa ukurasa kwa ukurasa atanielewa.

Lakini nenda kwenye chumba cha hazina cha makumbusho ya taifa. Wakati huu wa mwaka kuna sababu ya pekee: humo limehifadhiwa Yai la Maua ya Mtufaha, lililotengenezwa mwaka 1901 katika karakana ya Fabergé, sonara maarufu wa Urusi, la jiwe la kijani lililozungukwa na matawi ya dhahabu yenye maua meupe na ya waridi. Nilikuwa nimetoka kutembea kilomita kadhaa chini ya mitufaha iliyochanua, vumbi la maua bado likiwa begani, kisha nikaliona yai hilo, na kwa kweli nilisimama muda mrefu nikitafuta kosa katika petali zake bila kuliona. Makumbusho ya sanaa ya kisasa, lile jengo jeusi la mraba lililong'arishwa kama jiwe la mtoni, liko jirani. Jengo lilinipendeza kuliko yaliyokuwamo siku hiyo.

Chakula ni ghali, nisikufiche. Sahani ya Käsknöpfle, yaani vidonge vidogo vya unga na mayai vilivyochanganywa na jibini lenye harufu kali, kisha kunyunyiziwa vitunguu vya kukaanga na kuletwa pamoja na rojo la matufaha, ilinigharimu faranga 24, na soda juu yake. Inashibisha, ila jibini lile si la kila mtu. Kilichonishangaza ni Ribel: unga wa mahindi unaoloweshwa kwa maziwa na maji, ukapikwa, kisha ukageuzwageuzwa kwenye siagi hadi uwe chenga za dhahabu. Zamani kilikuwa chakula cha watu maskini wa bonde hili, na kwangu kilikuwa kama ukoko wa ugali uliovurugwa kikaangoni kwa siagi. Nilipomweleza mama aliyenihudumia kwamba kwetu tunakula mahindi kila siku, aliniongezea bila kuniuliza. Jumapili maduka makubwa ya vyakula hufungwa, basi nunua mkate na matunda Jumamosi kabla ya jioni, la sivyo utakula kwa bei ya mkahawa mara tatu kwa siku.

Asubuhi ya Jumapili nilikwenda Ruggell, kijiji cha kaskazini kabisa, ambako kuna eneo la kinamasi lililohifadhiwa. Watalii sikuwaona. Korongo weupe walikuwa kwenye viota vyao wakigonga midomo, ndege wa aina ileile tunaowaona katika nyanda za Afrika Mashariki wakati Ulaya iko kwenye baridi, na matete ya mwaka uliopita yalikuwa bado yamesimama makavu, chini yake kijani kipya kikisukuma. Bango lilieleza kwamba nyasi za eneo hilo hugeuka buluu kwa maua ya irisi za Siberia, nami nilikuwa nimewahi mno. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake alinihesabia kwa vidole: wiki tatu, labda nne.

Kwa hiyo nimekwisha kuweka nafasi ya siku mbili mwishoni mwa Mei, Triesenberg tena, na safari hii nimepiga simu kwanza kuuliza kama jiko litakuwa wazi.