Uzoefu wangu: umeme wa utosini na mazoezi ya kutembea baada ya kiharusi

Huduma hii niliipata Chennai, India, miezi michache baada ya kiharusi kuniachia mguu wa kushoto mzito na wayo unaoburuzika. Tangu nirudi Tanga naulizwa kama ule umeme wa kichwani ndio ulioniinua, hasa na watu wanaouguza wazazi wao na wameshaanza kufikiria kuuza kiwanja wapate nauli. Hao ndio ninaowaandikia.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Kina nyaya mbili zinazoishia kwenye sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Moja iliwekwa utosini, nyingine kwenye paji la uso, zikabanwa kwa mkanda wa mpira zisihame. Unaopita ni umeme wa miliampea 2 tu, kwa dakika 20. Haukazi misuli. Kazi yake ni kuziweka seli za ubongo karibu na kuitika, ili mtu anapojaribu kuinua mguu ziamke upesi. Na utosi haukuchaguliwa ovyo: sehemu ya ubongo inayoongoza miguu iko juu kabisa katikati ya kichwa, imezama kwenye mfereji unaotenganisha nusu mbili za ubongo, kwa hiyo kuifikia ni kazi kuliko kuifikia ile ya mkono. Mwanzoni ngozi iliniwasha kama nimeguswa na upupu, kisha ikapoa. Siku nyingine kichwa kiliuma kidogo, kikatulia chenyewe.

Jasho lilitoka kwenye mazoezi. Nilivalishwa mikanda iliyoning'inizwa juu ya mashine ya kutembelea, ikabeba sehemu ya uzito wangu, na mtaalamu akachuchumaa pembeni akiusaidia wayo kunyanyuka kila hatua. Walikuwa wakipandisha kasi mpaka moyo uende mbio, huku wakiiangalia presha. Nikishuka hapo, ngazi. Kisha kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, kisha kugeuka kwenye korido nyembamba, jambo lililonitisha kuliko yote. Walinipima mwendo kwa saa kwenye mita 10. Anayezimaliza kwa sekunde 12 na nusu, yaani mita 0.8 kwa sekunde, huhesabiwa kuwa anaweza kujimudu mitaani. Naondoka Chennai, sikuwa nimefika hapo. Nilifika nikiwa nyumbani.

Na nyumbani hapakuwa na kifaa wala mashine. Palikuwa na mtaalamu wa fiziotherapia, dada yangu, na ukuta wa barazani wa kujishikilia. Ndiyo maana sifa ya mwendo wangu naipa mazoezi kwanza. Tafiti za umeme huu kwa upande wa kutembea bado zinatoa majibu yasiyofanana, lakini za mazoezi zina uzito. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011, wenye wagonjwa 408, ulilinganisha mashine yenye mikanda na mazoezi ya nyumbani ya kuongeza nguvu na kusimama imara, mgonjwa akisimamiwa na mtaalamu. Mwaka mmoja baada ya kiharusi, mashine haikuyashinda mazoezi ya nyumbani, na kwa jumla asilimia 52 ya wagonjwa walikuwa wamepanda daraja katika kutembea. Habari hiyo ilinifariji sana kwa ajili ya wenzangu wa hapa ambao nauli ya India hawataipata.

Mwenye kifafa, chuma ndani ya fuvu au kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amweleze daktari kabla sponji hazijamgusa. Na aliye na uwezo wa kujaribu aulize jambo moja kabla ya kulipa: nikishawekewa umeme, natembezwa? Mimi nilitembezwa palepale, kila mara. Mahali unapolazwa, ukawekewa sponji, ukaambiwa nenda nyumbani, usiache fedha zako. Mlipe nazo mtaalamu wa fiziotherapia aje kwako mara nyingi zaidi.