Miwani ya Jua ya UV400 Kutoka Duka la Miwani Mjini Malindi
Kibandiko cha UV400 kilicho kwenye miwani hii kina maana kwamba kioo chake kinazuia miale ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hadi urefu wa mawimbi wa nanomita 400, sifa ambayo ni muhimu kuliko weusi unaosifiwa na wachuuzi wa ufukweni, kwa kuwa kioo cheusi kisicho na kichujio hutanua mboni na kuiingizia miale zaidi.

Mnunuzi anaweza kuuliza kwa nini atumie fedha ilhali anga ina ozoni, gesi inayochuja miale hiyo. Katika stratosfea, tabaka la juu la anga, miale mifupi ya jua huvunja molekuli ya oksijeni kuwa atomi mbili, na kila atomi huungana na molekuli nyingine kuwa ozoni. Ozoni hiyo ikifyonza mwale huvunjika, kisha huundika tena, na nishati hugeuka joto, kama alivyoeleza mwanasayansi Mwingereza Sydney Chapman mwaka 1930. Kati ya aina tatu za urujuanimno, UV-C yote, yenye mawimbi mafupi zaidi, na sehemu kubwa ya UV-B huishia huko, lakini UV-A, ya nanomita 315 hadi 400, hupita karibu yote. Isitoshe, Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, ambako tabaka la ozoni ni jembamba na jua la adhuhuri huwa karibu na utosi.

Muuzaji alikubali, bila kununa, kuipima miwani hii kwa kifaa chake mbele yangu. Fremu ni nyepesi, ila pembeni iko wazi mno. Kwa wavuvi, ambao mwanga huwarudia kutoka majini, ningependekeza ile pana zaidi.