Cream, Royal Albert Hall 2005: Wazee watatu na nafasi waliyoiacha

Mimi nimelelewa na mjomba aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya dansi Morogoro, kwa hiyo kila muziki nausikiliza kuanzia chini. Kabla sijajua nani anaimba, sikio limeshateremka kutafuta besi iko wapi na inazungumza nini na dramu. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue napima kwa mizani gani. Albamu ninayoizungumzia si ya dansi, ni ya roki: Cream, kundi la watu watatu kutoka Uingereza, waliorudi jukwaani Mei 2005 baada ya kuachana kwa zaidi ya miaka 36. Ukiacha nyimbo chache walizopiga pamoja kwenye hafla moja ya tuzo Marekani mwaka 1993, muda wote huo Cream haikupanda jukwaani.

Watatu hao ni Eric Clapton kwenye gitaa, Jack Bruce kwenye besi, na Ginger Baker kwenye dramu. Walianza 1966, wakavunjika 1968, na onyesho lao la kuagana lilifanyika Royal Albert Hall, London, tarehe 26 Novemba mwaka huo. Waliporudi walichagua ukumbi uleule, wakapiga siku nne: tarehe 2, 3, 5 na 6 Mei. Albamu imetengenezwa kwa rekodi za siku hizo, CD mbili, na ikatoka Oktoba 2005. Ipo na DVD yake.

Hawakupanda jukwaani wakiwa wazima kama vijana. Clapton alikuwa na miaka 60, Bruce 61, Baker 65. Bruce alikuwa amepandikizwa ini mwaka 2003 baada ya kupatikana na saratani, mwili ukataka kulikataa ini jipya, akanusurika chupuchupu. Baker alikuwa anasumbuliwa na viungo. Juu ya hayo, Bruce na Baker walikuwa na ugomvi wa siku nyingi, ulioanza hata kabla ya Cream. Nilipoinunua nilikuwa na wasiwasi nitasikia wazee wakijikongoja kwenye nyimbo za ujana wao. Nilichosikia kimenikalisha chini, na bado sijaacha kuisikiliza.

Kwanza niseme jambo ambalo mtu wa dansi analiona haraka kuliko mtu wa roki. Kwetu bendi ina gitaa la solo, ina gitaa la rithim, ina besi, ina tumba na dramu, na kama pesa ipo, wapuliza tarumbeta na saksafoni. Rithim ndiyo kamba inayofunga mzigo. Mpiga solo anaweza kwenda anakotaka kwa sababu anajua akirudi atakuta nyumba haijabomoka. Cream hawana rithim. Clapton akiingia kwenye solo, nyuma yake kuna besi na dramu tu. Pana shimo kubwa hapo katikati, na swali la muziki wao wote ni hili: shimo hilo mnalifanyaje?

Wakiwa vijana walilijaza kwa sauti. Walipanga amplifaya za Marshall nyuma yao, kila mmoja akapiga kwa nguvu zake zote. Clapton mwenyewe amesimulia kwamba kuna siku aliacha kupiga katikati ya wimbo na wenzake hawakugundua. Fikiria hilo: watu watatu tu jukwaani, mmoja ananyamaza, na wawili waliobaki hawana habari.

Mwaka 2005 hawalijazi. Wanaliacha wazi, na hapo ndipo albamu hii inaponishika. Sauti ya jukwaa imeshushwa, kila chombo kina mahali pake, na unasikia kabisa kwamba wanasikilizana. Kwenye "Spoonful" Bruce hapigi besi ya kusindikiza. Anauliza, Clapton anajibu kwa noti tatu nne, kisha anangoja. Ule ukimya mdogo kabla ya jibu linalofuata ndio uzee wenyewe, na ni mtamu. Kijana angeshaingiza noti kumi pale.

Kwa Clapton, uende moja kwa moja kwenye "Stormy Monday", bluzi ya taratibu anayoiimba mwenyewe. Hapa anapiga gitaa la Fender Stratocaster, si zile gitaa za Gibson za siku za Cream ya kwanza, kwa hiyo mlio ni mwembamba na safi zaidi. Wapo watakaoukosa ule unene wa zamani, nami nawaelewa. Lakini kwenye wimbo huu ule mlio mwembamba unakata kama wembe, na anapoanza solo ya pili nilijikuta nimeshikilia kikombe cha chai hadi kikapoa.

Sasa kasoro, maana zipo. "Crossroads" imepungua mwendo. Ukiwa umewahi kusikia ile waliyorekodi San Francisco mwaka 1968, iliyo kwenye albamu ya Wheels of Fire, hii itakuonyesha mtu anayetembea njia ambayo zamani aliikimbia. Inatembea vizuri, ila inatembea. Sauti ya Bruce nayo, kwenye "White Room", haifiki juu kwa wepesi uleule. Anafika, lakini unamsikia akipanda ngazi. Na "Pressed Rat and Warthog", ambayo Baker anaisimulia badala ya kuimba, mimi huiruka.

Baker ndiye anayestahili aya nyingi, najizuia. Tangu ujana aliongozwa na mpiga dramu wa jazi, Phil Seamen, aliyemsikilizisha rekodi za ngoma za Afrika, na hakuishia kwenye rekodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alivuka Sahara kwa gari hadi Nigeria, akafungua studio Lagos, akapiga na Fela Kuti, mwanamuziki maarufu wa huko. Albamu ya laivu ya Fela ya 1971 ina jina la Baker pia. Kwa hiyo ukifika kwenye "Toad", solo yake ya dramu ya kama dakika kumi, usiisikilize kama maonyesho ya nguvu. Ana dramu mbili kubwa za miguu, na miguu inafanya kazi ya msondo huku mikono ikifanya ya chapuo. Sauti zinapishana, moja inashika, nyingine inacheza juu yake. Mtu aliyekaa karibu na ngoma harusini atamwelewa mara moja.

Kuhusu ununuzi wenyewe: nilinunua CD zilizotumika, na ile ya pili ilifika na mkwaruzo unaokwama karibu na mwisho. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba ni nzima. Kama utanunua iliyotumika, omba picha ya upande wa chini kabla ya kulipa. Na tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu, itakula besi yote na utabaki na nusu ya bendi. Tafuta hedifoni nzuri au redio yenye spika za maana.

Mimi nilipeleka redio kwa mjomba. Ana miaka zaidi ya 70 sasa, na aliacha kupiga kwa sababu vidole vya mkono wa kushoto vimekaza. Nikamwamkia, tukanywa chai, nikamweleza kwamba huyu mpiga besi alipandikizwa ini, akarudi jukwaani na Cream miaka miwili baadaye. Akauliza, "Na yupo?" Nikamwambia alifariki 2014, na mpiga dramu akamfuata 2019. Walipiga tena siku tatu New York, Oktoba ileile ya 2005, basi.

Nikamwekea "We're Going Wrong". Ni wimbo wa taratibu, Bruce anaimba juu kabisa, na Baker ameacha vijiti vya kawaida, anapiga kwa vile vyenye vichwa laini, mapigo ya sita kwa nane yanayozunguka bila kuchoka. Mjomba akasema, "Mpwa, huyu anapiga ngoma, si dramu." Kisha akanyamaza. Nikatazama mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya paja. Vile vidole vilivyokaza vilikuwa vinatafuta noti, kimoja kimoja, kwa shida, vikimfuata Bruce. Pakafika mahali Bruce anaiacha noti moja ilie peke yake. Kidole cha mjomba nacho kikabaki kimekandamiza kitambaa cha suruali, hakikuinuka hadi noti ilipoisha.

"Rudisha hapo alipoacha," akasema.

Nikarudisha.