Dramu la kulala au la kusimama kabla ya mnara wa kuchomea gesi?

Wakuu, huku Unga Limited, Arusha, fundi atakwambia tangi ni tangi tu, ila hili dramu la kunasa matone ya kimiminika kwenye gesi usilichukulie poa, matone makubwa yakipita hadi mnarani yanashuka yanawaka, mvua ya moto kabisa. API 521, mwongozo wa Wamarekani wa mifumo ya kupunguza presha, inapigia hesabu matone ya maikroni 300 hadi 600 (maikroni 1,000 ni milimita moja).

La kusimama halili eneo, kiwanja kikibana na kimiminika kikiwa kidogo chukua hilo. Shida gesi inapanda huku tone linashuka, kwahiyo spidi ya gesi lazima iwe chini ya spidi ya tone kudondoka, gesi ikizidi kipenyo cha dramu kinavimba na bei nayo.

La kulala tone linakatisha mkondo wa gesi, muhimu lifike chini kabla gesi haijatoka, af linabeba kimiminika kingi. Sema kikijaa nafasi ya gesi inabana na spidi inapanda, hesabu ipige kwenye kina cha juu kabisa sio tangi likiwa tupu. Gesi nyingi mimi naenda nalo.

Na msikopi hesabu za Dar jamani, Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, presha ya hewa ndogo, gesi ileile inatanuka zaidi.