Uzoefu wangu na fonti ya Junicode: alama za juu na chini katika maandishi ya kale

Kwa kunakili hati za Kilatini cha zama za kati na vitabu vya Kijerumani vya karne ya 16, sijaona fonti ya bure inayoishinda Junicode. Ni kazi ya Peter Baker, na alama zake hukaa mahali pake: andika q kisha U+0303 (msimbo wa kiwimbi katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi), kile kiwimbi kitatulia juu ya q bila kugongana na herufi ya jirani. Fonti nyingi huaibikia hapo. Herufi q̃ haina msimbo wake mmoja kama ñ, hivyo fonti yenyewe lazima iwe na nanga za kuonyesha alama ikae wapi. Nanga zikikosekana, kiwimbi huelea pembeni.

Herufi kwanza, alama baadaye. Kupata ē kwenye Word, andika e, kisha 0304, uchague tarakimu hizo nne tu ndipo ubonyeze Alt na X. Usipochagua, e yako inamezwa, kwa sababu a hadi f nazo ni tarakimu za heksadesimali (hesabu ya tarakimu 16, inayotumika kwenye misimbo hii) na "e0304" husomwa kama msimbo mmoja. Ile e ndogo iliyopanda juu ya u kwenye "fuͤr" ni 0364.

Kinachokula muda kuliko vyote hakionekani kwa macho. Wahariri huweka nukta chini ya herufi wasiyo na hakika nayo. Mmoja ataandika ẽ (U+1EBD) na kuongeza nukta U+0323. Mwenzake ẹ (U+1EB9) na kuongeza kiwimbi U+0303. Kwenye skrini ni pacha, ila ukitafuta moja, programu isiyosawazisha maandishi haikuletei nyingine. Pitisha faili zima kwenye NFC (utaratibu wa Unicode wa kusawazisha maandishi) kabla ya kutafuta au kuhesabu chochote: zote zitakuwa kama ile ya pili. Alama mbili za juu, hata hivyo, NFC haizipangi upya. Iliyotangulia ndiyo hukaa karibu na herufi, kwa hiyo kubalianeni mapema. Na ł msiiunde kwa l na mstari U+0335, maana haitaungana kamwe.

Nyota nne na nusu. Hiyo nusu iliyopungua ni kwa sababu ya herufi za MUFI (mradi wa herufi za hati za zama za kati) zilizo kwenye eneo la matumizi binafsi, U+E000 hadi U+F8FF: zibandike kwenye fonti nyingine, unabaki na visanduku. Ukituma faili lenye herufi hizo, tuma na fonti.