Mpango wa Mlo kwa Mgonjwa wa Kisukari na Presha: Uzoefu Wangu Kisumu

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, na ninaishi Migosi, mjini Kisumu, pamoja na mke wangu na wajukuu wetu wawili. Niligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili miaka tisa iliyopita, na presha ikafuata baada ya miaka miwili. Miezi saba iliyopita nilipimwa HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, nacho kikasoma asilimia 9.4, ilhali daktari wangu alitaka niwe chini ya asilimia 7. Wiki hiyohiyo nilimlipa mtaalamu wa lishe wa kliniki moja ya kibinafsi hapa mjini anipangie mlo. Malipo yalikuwa shilingi 4,500 kwa vikao vitatu, mpango ulioandikwa, na nafasi ya kumuuliza maswali kwa WhatsApp kati ya kikao kimoja na kingine. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kutoa fedha zao kwa huduma ya aina hii, maana mimi nilipokuwa nikiitafuta sikumpata mtu wa kunieleza inavyokwenda hasa.

Kikao cha kwanza hakikunifaa. Nilipimwa uzito na kiuno, nikaulizwa ninakula nini asubuhi, mchana na jioni, kisha baada ya dakika 25 nikakabidhiwa karatasi nne zilizopigwa chapa, zote kwa Kiingereza. Humo mlikuwa na oti za kiamshakinywa, lozi kumi za saa nne, brokoli na samaki aina ya salmon kwa chakula cha mchana. Nilizipeleka nyumbani nikamsomea mke wangu, naye akaniuliza swali moja tu: kwa nini mtu anayekaa kando ya ziwa aagizwe samaki wa kutoka ng'ambo? Tulijaribu kuzifuata karatasi hizo kwa siku tano. Fedha za matumizi ya wiki nzima zikaisha siku ya nne, na wajukuu wakaanza kulala bila kushiba vizuri. Hilo liliniuma kuliko fedha zenyewe.

Nilirudi kliniki nikiwa na nia ya kudai malipo yangu. Mtaalamu yule, ambaye ni binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nyumbani anayepika ni nani?" Nikamjibu kwamba ni mke wangu. Akaniuliza tunatumia mafuta lita ngapi kwa mwezi, nami sikujua. Akaniuliza pakiti ya chumvi hukaa siku ngapi, sikujua pia. "Basi njoo naye," akasema, "na mje na mabaki ya pakiti mlizonunua mwezi huu." Kikao cha pili tulikifanya sisi watatu, kikachukua karibu saa mbili, na kwa maoni yangu thamani yote ya shilingi 4,500 ilikuwa katika saa hizo mbili.

Hakuuliza tena tunakula nini. Aliuliza tunanunua nini, kinakaa muda gani, na kinaliwa na watu wangapi, kisha akagawanya mbele yetu. Mtungi wa mafuta wa lita 5 ulikuwa ukituisha kwa mwezi mmoja sisi watu wanne, yaani takriban mililita 42 kwa kila mtu kwa siku, ambazo ni karibu vijiko vitatu vikubwa. Chumvi ndiyo iliyonishtua zaidi. Pakiti ya nusu kilo ilikuwa ikituisha kwa wiki mbili, hivyo kila mtu nyumbani, wakiwemo watoto, alikuwa akipata karibu gramu 9 kwa siku, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5, ambazo hazijai kijiko cha chai. Kwa miaka saba nilikuwa nikimeza dawa za presha kila asubuhi na kumhakikishia daktari kwamba sili chumvi nyingi. Nilikuwa nasema kweli kwa kadiri nilivyojua, kwa sababu sikuwahi kuiongeza mezani. Chumvi yenyewe ilikuwa imeshatiwa sufuriani, na nyingine ilikuwa ndani ya viungo vya unga vya pakiti ambavyo hatukuwa tukivihesabu kuwa chumvi.

Kisha mke wangu akataja magadi. Sisi, kama jamaa wengi wa huku magharibi, hutia magadi kidogo katika mboga ya mrenda ili ulainike, na pia katika nyoyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ili uive upesi. Binti yule aliweka kalamu chini. Alitueleza kwamba magadi nayo yana sodiamu, na kwamba sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha, kwa hiyo mtu anaweza kupunguza chumvi na bado asione nafuu kwa sababu ya magadi. Hakutuambia tuache mrenda. Alimshauri mke wangu auchanganye na kunde laini na kuupika bila magadi, na maharagwe ayaloweke usiku kucha, amwage maji yale, ndipo ayachemshe. Makaa yanayoongezeka kwa kuchemsha muda mrefu zaidi ni gharama, nasi tunailipa, lakini nyoyo sasa huiva bila magadi.

Mpango wa pili uliandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, na ulitokana na yale tunayoyapata katika soko la Kibuye. Kanuni yake ni sahani: nusu yake mboga, robo yake samaki, nyama, mayai au maharagwe, na robo inayobaki ugali, wali, viazi vitamu au ndizi za kupika. Mboga ni managu, saga, mchicha, kunde na sukuma wiki kwa zamu. Samaki aina ya ngege, ambaye tulikuwa tukimkaanga katika mafuta mengi, sasa anachomwa au anachemshwa na nyanya, vitunguu na limau. Omena wanaoshwa kwa maji ya moto mara mbili na kupikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta. Wajukuu wanakula kutoka sufuria ileile, ila sehemu yao ya ugali na maziwa si ndogo kama yangu, jambo ambalo mtaalamu alilisisitiza, kwa kuwa mtoto anayekua hapaswi kupimiwa chakula kwa kipimo cha babu yake mgonjwa.

Suala la ugali lilituchukua muda mrefu kuliko mengine yote. Mimi nilikuwa nikiamini, kama wengi ninaokaa nao, kwamba ugali wa mtama na wimbi haupandishi sukari, na kwa sababu hiyo nilikuwa nikijipakulia bila kipimo na kujihesabu kuwa ninatii masharti. Mtaalamu hakubishana nami. Aliniomba nijipime kwa kifaa changu saa mbili baada ya kula, siku mbili tofauti, na kumtumia matokeo. Siku ya kwanza nilikula ugali wa mtama kama nilivyozoea, sukari ikasoma 13.4 (kifaa changu hupima kwa milimoli kwa lita). Siku ya pili nilikula ugali uleule, lakini wa kadiri ya ngumi yangu, pamoja na managu tele na kipande cha samaki aina ya mbuta, ikasoma 8.9. Unga wa mtama usiokobolewa una faida yake, kwa sababu una nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe wa mahindi, lakini sehemu yake kubwa ni wanga vilevile, na wanga ukizidi unapandisha sukari hata ukiwa wa rangi gani. Niliyaambiwa maneno hayo kliniki mara nyingi kwa miaka tisa, lakini sikuyakubali hadi nilipoyaona kwenye kidole changu mwenyewe. Yeyote atakayelipia huduma hii na asijipime baada ya kula atakuwa ameinunua nusu.

Sasa nieleze kasoro kubwa, ambayo ingeweza kunigharimu maisha. Katika vikao vyote viwili hakuna aliyeniuliza ninatumia dawa gani, nami sikufikiri kuwa inahusu. Wakati huo nilikuwa nikimeza dawa mbili za kushusha sukari, metformin pamoja na glibenclamide. Metformin ikiwa peke yake si rahisi kuishusha sukari kupita kiasi, lakini glibenclamide hulisukuma kongosho kutoa insulini hata kama mtu amekula kidogo. Nilipunguza ugali na kuondoa sukari katika chai huku dawa zikibaki vilevile, na wiki ya tatu, saa tano asubuhi, nikiwa natembea kutoka sokoni, nilianza kutetemeka, jasho likanitoka, na macho yakaingia ukungu. Mama mmoja muuza mboga alinikalisha kwenye kibao chake na kunitafutia kikombe cha maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya sukari. Nilipofika nyumbani na kujipima, ingawa nilikuwa nimeshakunywa ule mchanganyiko, kifaa kilisoma 4.1, na inajulikana kwamba chini ya 4 ni hatari. Daktari wangu alinipunguzia glibenclamide siku iliyofuata na kunionya nisibadilishe mlo tena bila kumjulisha. Nilimweleza mtaalamu wa lishe tukio hilo bila kuficha uchungu wangu. Aliomba radhi, na nimeambiwa kwamba siku hizi fomu yao ya kwanza ina sehemu ya kuorodhesha dawa. Hata hivyo, ninamsihi kila msomaji mwenye kisukari: kabla ya kupokea mpango wowote wa mlo, weka dawa zako zote mezani mbele ya anayekupangia, na mpango huo uupeleke kwa daktari wako kabla ya siku ya kwanza.

Jambo la pili ambalo mpango haukulifikiria ni matanga. Mtu wa rika langu huku kwetu huenda mazikoni karibu kila Jumamosi. Unaondoka alfajiri kuelekea Siaya au Bondo, hotuba zinaendelea hadi alasiri, na chakula kinapofika saa kumi ni wali, nyama, soda, na chai iliyotiwa sukari kwenye sufuria. Kukataa chakula cha waliofiwa ni kuwaumiza. Nilipouliza, nilipata majibu ambayo yangefaa kuwa kwenye karatasi tangu mwanzo: nile kiamshakinywa kamili kabla ya kuondoka, nibebe chakula kidogo cha saa sita pamoja na dawa, kwa maana kukaa na njaa hadi alasiri huku umemeza dawa ni hatari kuliko wali wenyewe, na chakula kikifika nianze na nyama na mboga kisha nichukue wali kidogo, na badala ya soda ninywe maji. Nimefuata hivyo kwa miezi minne na hakuna aliyenikasirikia.

Tulipata taabu pia wakati wa kiangazi, managu na saga zilipopanda bei, kwa sababu mpango haukuonyesha cha kuweka mahali pake. Mke wangu alilitatua mwenyewe kwa kabichi na kunde alizozikausha.

Ningependa pia kutoa tahadhari kuhusu kugawiana karatasi hizi. Jirani yetu mmoja, ambaye figo zake zimeathirika, aliomba nakala ya mpango wangu, na mimi nikampa kwa moyo mweupe. Kwa bahati aliuonyesha kliniki kwanza. Aliambiwa kwamba kwa vipimo vyake anatakiwa kupunguza madini yaitwayo potasiamu, na kwamba wingi wa mboga za majani na maharagwe unaonisaidia mimi ungeweza kumdhuru yeye. Aliambiwa pia aepuke ile chumvi mbadala inayouzwa kwa ajili ya wenye presha, kwa kuwa imetengenezwa kwa potasiamu. Tangu siku hiyo simpi mtu karatasi yangu.

Kuhusu matokeo, baada ya miezi sita HbA1c yangu imeshuka hadi asilimia 7.6, uzito umetoka kilo 91 hadi 86, na presha, iliyokuwa 152 kwa 94, ilisoma 136 kwa 84 katika ziara yangu ya mwisho. Sidai kwamba mlo peke yake ndio uliofanya yote hayo, kwa sababu pia nilianza kutembea kwenda Kibuye na kurudi badala ya kupanda bodaboda. Mtungi wa mafuta sasa unafika wiki saba, na pakiti ya chumvi inakaribia wiki nne.

Kwa bei ile, ninaona huduma inastahili kwa mtu atakayekwenda na mpishi wake, orodha ya dawa zake na kifaa cha kujipimia. Kwa anayetarajia kupewa karatasi tu, namshauri asilipe. Sisi tumelipia awamu ya pili, kwa sharti kwamba kila kitu kiandikwe kwa Kiswahili na nakala ipelekwe kwa daktari wangu. Kikao kijacho ni Jumatano, na mke wangu ameshaandika maswali yake kwenye daftari la mjukuu. La kwanza ni kuhusu mahindi mabichi, kwa sababu msimu wake umekaribia na hajui ngumi moja ya ugali ni sawa na mahindi mangapi ya kuchoma.