Lodi balansa nzuri, sapoti kimeo

Nianze kwa kusema mashine yenyewe, hii lodi balansa tuliyonunua (kitu cha kukaa mbele ya seva, kinapokea watu na kuwagawa), siyo mbaya, msije mkadhani nina chuki binafsi. Chuki binafsi ninayo, ila ni kwa mtu mmoja tu, jamaa wa sapoti, nitamfikia.

Ofisini tuna mfumo wa kuuza tiketi za mabasi na unakaa kwenye seva zetu wenyewe, bosi hataki hata kusikia habari ya kulipa klaudi, yaani seva za kukodi mtandaoni, kwa dola kila mwezi. Mwaka jana tukahamishia kila kitu kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu juu ya kundi la seva, kundi hilo ndilo linaitwa klasta na kila seva ni nodi. Sasa aliyewahi kuiendesha kwenye seva zake mwenyewe anajua kinachofuata: unaandika sevisi (mlango wa kufikia programu yako) ya aina ya LoadBalancer, unasubiri ipewe IP, yaani anwani ya mtandao, unaangalia imeandika "pending", bado inasubiri, unaenda kunywa chai unarudi bado "pending", na itabaki hivyo mpaka kiama kwa sababu kule klaudi ile IP inatolewa na mwenye klaudi, huku kwako nani wa kuitoa? Inabidi utumie NodePort, bandari za kuanzia 30000 mpaka 32767, umwambie abiria wa Moshi aandike namba ya ajabu mwisho wa anwani, au utafute kitu cha kukaa mbele kipokee watu na kuwagawa.

Mimi nilipendekeza programu za bure za kazi hiyo. MetalLB ipo, HAProxy na Keepalived zipo, HAProxy hiyo iko mtaani tangu 2001 watu wanaitumia. Bosi akakataa, akasema anataka kitu chenye sapoti, likitokea la kutokea tuwe na mtu wa kumpigia simu. Hapo kwenye "mtu wa kumpigia simu" ndipo pesa ilipoenda. Tukanunua apliansi, yaani lodi balansa iliyofungashwa tayari, ya kukaa kwenye VM (kompyuta ya kuigiza ndani ya seva halisi, hiyo seva ndiyo hosti), mbili, moja ifanye kazi nyingine isubiri, pamoja na leseni na mkataba wa sapoti kupitia wakala wa hapa hapa Dar. Jina siweki, wanaoitumia watajijua.

Na kuipandisha ilikuwa raha, lazima niseme ukweli. Unapakua faili la OVA, ndiyo VM yenyewe imefungashwa, unaliingiza kwenye hosti, unaipa IP, unafungua brauza, basi. Ina kipande kinachoongea na API ya klasta, ule mlango wa kuipa amri, yaani ukiandika sevisi inaiona yenyewe, inachomoa IP kwenye fungu ulilotenga, na ile "pending" inageuka namba mbele ya macho yako. Nilipiga kelele ofisini watu wakageuka. Nikaweka na API seva zetu tatu nyuma yake kwenye bandari 6443, ikawa inaziuliza kama ziko tayari kwa /readyz na kuitoa yenye shida bila mtu kuambiwa. Kilichonikera siku hizo ni kitu kidogo tu, ukifuatilia logi kwa amri ya kubectl logs -f na podi (programu inayokimbia ndani ya klasta) ikakaa kimya muda, laini inakatwa. Nikaongeza taimauti, ule muda wa kuvumilia ukimya, ikaisha. Siku hizo ungeniuliza ningekupa nyota tano na ningekuchagulia hata rangi ya nyota.

Halafu nikawasha HA, ile ya moja ikifa nyingine inashika kazi.

Kwa wasiojua, hizi apliansi mbili zinagawana IP moja ya mbele kwa VRRP, utaratibu wa kukubaliana nani kiongozi. Kiongozi anatangaza kila sekunde moja kwamba niko hai, matangazo yanaenda 224.0.0.18, msaidizi anasikiliza, asiposikia kwa sekunde tatu na ushee anajitangaza yeye kuwa kiongozi. Rahisi tu. Mimi nilipowasha, ya kwanza ikaandika MASTER, yaani kiongozi. Sawa. Baada ya muda kidogo ya pili nayo ikaandika MASTER. Nikarifreshi. Zote MASTER, mafahali wawili zizi moja, na ile IP ya mbele haijibu ping, ule ujumbe wa kuuliza upo, kutoka popote. Nikazima HA, kila kitu kikarudi. Nikawasha, kikafa. Bahati tulikuwa tumechagua usiku, lakini watu wa mabasi ya alfajiri wananunua tiketi usiku huo huo, kwa hiyo simu za huduma kwa wateja zilianza kuita.

Nikasema poa, si tuna mtu wa kumpigia simu.

Akapokea baada ya kuita sana. Nikamweleza taratibu, kwa heshima kabisa, kaka samahani kwa usiku, hali iko hivi na hivi. Nasikia anatafuna kitu. Akasema, "Hizo mbili hazisikilizani, angalieni network yenu." Nikamwambia kaka, zote ziko kwenye hosti moja, zimechomekwa kwenye swichi ya ndani ya hosti hiyo hiyo, hakuna waya hapo wala faiwoli katikati. Kimya, anatafuna. Halafu akaniuliza, na hii naiandika kama alivyoisema: "Kaka, hii kitu inahitaji mtu mwenye uzoefu. Hapo kwenu kuna mtu mwenye uzoefu?"

Aisee.

Mimi hizi kazi nimeanza seva bado zinabebwa na watu wawili kwenye ngazi. Lakini hata ningekuwa nimeanza jana, si ndiyo maana ya sapoti? Tungekuwa na kila uzoefu duniani tungelipa hela ya mkataba ya nini? Nikamuuliza kama kuna ingizinia wa juu yake, akasema nitume barua pepe asubuhi. Nikatuma usiku ule ule, na logi zote nikaambatanisha, na picha ya skrini ya zile MASTER mbili. Asubuhi naamka nakuta tiketi ya sapoti, ile rekodi ya tatizo langu, imefungwa, "imetatuliwa", sababu: mtandao wa mteja.

Labda alikuwa amechoka. Labda siku nzima anapigiwa na watu waliosahau paswedi, sijui, nataka kumtetea, lakini nikikumbuka ule mdomo unatafuna hasira inarudi upya.

Aliyetutoa ni dada mmoja wa upande wetu wa seva, ndiye anayeshika hosti na swichi za ndani. Nikamwonyesha tcpdump, programu ya kuchungulia paketi zinazopita mtandaoni. Kwenye apliansi ya kwanza matangazo yanatoka vizuri tu, moja kila sekunde. Kwenye ya pili, tupu, hakuna hata moja lililofika. Dada akainamia skrini, akaweka kidole kwenye MAC ya mtumaji, ile anwani ya kadi ya mtandao, 00:00:5e:00:01 na namba ya kundi mwishoni, akasema, "Hii siyo MAC ya VM yako. Mimi hii VM niliipa nyingine." Ni kweli. VRRP ina MAC yake ya pamoja, anayekuwa kiongozi anaivaa, ndiyo kusudi IP ikihama wengine wasihitaji kujifunza MAC mpya. Lakini swichi ya hosti inaijua VM kwa ile MAC iliyozaliwa nayo, ikiona paketi inatoka na MAC nyingine inaiona ni ya kughushi inaitupa pale pale mlangoni. Kwa hiyo matangazo hayafiki, msaidizi anadhani mwenzake kafa, anajitangaza, na yeye matangazo yake yanatupwa vile vile. Zote zinapiga kelele, hakuna anayesikia.

Nikamwambia basi legeza hiyo setingi, ile ya "Forged Transmits" ndiyo inayotupa, na kuna ya pili ya kuruhusu VM kupokea vya MAC isiyo yake. Akagoma. Akasema ile ipo ili VM moja isijifanye nyingine, na yeye hawezi kufungua mlango kwa sababu ya apliansi ya mtu. Na ana haki, kwanza nilimpenda zaidi alivyogoma. Tukarudi kwenye menyu za apliansi, tukapekua, na chini kabisa kwenye ukurasa wa vitu vya ndani, kitiki kimoja: tumia MAC ya pamoja. Kimewashwa tangu kiwandani. Tukakitoa. Hapo apliansi inatumia MAC yake halisi, na IP ikihama anayeipokea anatangaza kwa ARP, ujumbe wa kusema IP hii iko kwa MAC gani, kwamba sasa mniandike mimi. Keepalived ya bure ndivyo inavyofanya bila kuambiwa! Ya bure! Tukawasha HA, moja MASTER, nyingine BACKUP, tukaizima ya kwanza kwa makusudi, ping ikapotea kidogo ikarudi. Dada akachukua chai yake akaondoka kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa nielezeni. Bidhaa inauzwa ikae kwenye VM, imeundwa kwa ajili ya VM, na setingi ya kiwandani ni ile inayogombana na ulinzi wa kawaida wa hosti za VM. Huyo jamaa wa sapoti anauza hiki kitu tu, siyo maduka mia, hiki tu. Swali la kwanza alilotakiwa kuniuliza ni hilo la kitiki. Badala yake akaniuliza habari za uzoefu.

Nilikuwa nimepanga kuandika msinunue. Kabisa, nilishaandika na sentensi yenyewe, nimeifuta. Kwa sababu msimu wa Desemba ulipofika, Wachaga wote wanarudi nyumbani kwa wakati mmoja na kila mmoja anataka siti ya dirishani, ile kitu ilibeba mzigo bila kutetereka. Tulikuwa tunatoa nodi moja moja kwenye klasta tunaisasisha mchana kweupe, inaacha kupeleka watu wapya kwenye nodi hiyo, inasubiri waliopo wamalize, hakuna aliyepiga simu. Kwa hiyo mashine naipa nne. Sapoti naipa... hapana, na mashine naipa tatu, kwa ajili ya kile kitiki, mtu mwingine anaweza akapoteza kazi kwa kitiki kile.

Ankara ya kuhuisha mkataba imekuja juzi na bosi ameshasaini, anasema inafanya kazi, shida iko wapi. Bei imepanda pia. Ukiwa na timu inayojua tcpdump kamata HAProxy na Keepalived yako ukalale, ukiwa na bosi kama wangu nunua hii na uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho wa menyu kabla hujawasha HA.

Na wewe kaka wa uzoefu kama unasoma, ile tiketi ya sapoti mpaka leo inasomeka shida ilikuwa mtandao wetu. Ifungueni, mwandike kitiki.